Kurasa Nilizozikata

Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutunza maktaba ya chuo kimoja kidogo mkoani Singida. Sikuwa mwalimu. Lakini kila mwaka wanachuo wapya wakishapokewa, nilipewa saa mbili za kuwafundisha matumizi ya maktaba, na saa hizo mbili nilizipenda kuliko sikukuu. Siku hiyo nilivaa shati la mikono mirefu. Mke wangu, ambaye ni Mnyaturu wa Ikungi na hajawahi kunionea huruma tangu anioe (nasema anioe kwa sababu ndivyo ilivyokuwa), alizoea kunisindikiza mlangoni akisema, "Haya, nenda ukahutubie taifa."

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Niliwapanga mstari nikawazungusha rafu hadi rafu, kama watu wanaoonyeshwa mipaka ya shamba la urithi. Hapa kilimo, hapa afya, hapa dini, kule historia. Usikunje ukurasa. Usilambe kidole. Usile karanga humu ndani. Mwishoni niliuliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza hata mwaka mmoja, nami nikaamini ni kwa sababu nafundisha vizuri.

Baada ya hapo hawakuhitaji kukumbuka chochote, maana kazi yao niliwafanyia mimi. Mwanachuo alikuja: "Shikamoo babu, nina hotuba ya ufugaji wa nyuki." Niliitikia marahaba huku mkono umeshafika kwenye rafu. Nilifungua kitabu, nikaweka kidole: anzia hapa, ishia hapa. Alinakili, akashukuru, akaondoka. Nilijiona mkarimu sana. Leo naweza kusema bila kuuma maneno kwamba nilichopenda ni kushukuriwa.

Hotuba zilikuwa nyingi kwa sababu mwaka wa kwanza wote walisoma somo la kuzungumza mbele ya watu. Chuo chetu kinatoa watu wa maendeleo ya vijijini, na mtu wa kazi hiyo asipoweza kusimama mkutanoni akaeleweka, ni hasara kwa kijiji kizima. Mkufunzi wa somo alikuwa mgeni kwetu, mwanamke aliyelingana na binti yangu wa mwisho, mtoto wa watu wa reli kutoka Itigi, mwenye sauti ya kufika behewa la nyuma. Asubuhi moja aliingia maktaba.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba Mwalimu. Unatafuta kitabu?"

"Natafuta watu. Wanaitwa Wataalamu."

"Ni wanachuo?"

"Sijui, Mzee. Kila hotuba ninayosikia, wamo. Wataalamu wanasema hivi, wataalamu wanashauri vile. Nikiuliza wanakaa wapi, naambiwa wanakaa maktaba. Nikasema leo nije niwaamkie."

Nilicheka, lakini kicheko cha nje. Aliomba tukae tulibadilishe somo langu, wanachuo wajifunze kutafuta habari wenyewe na kuzipima. Nilimjibu kwamba somo hilo nilianza kulifundisha yeye hajaota meno. Maneno hayo niliyasema mimi, na kwa sauti ya kuridhika. Akasema, "Sawa, Mzee," akatoka. Mkono wa msaada niliurudisha mtupu.

Muhula ule kulikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza kutoka kijiji cha jirani na Iguguno, mtoto wa wakulima wa alizeti na mahindi. Alikuwa mpole, mwandiko mzuri, akipokea kitabu kwa mikono miwili. Mada yake ilikuwa kupanda alizeti kwa wakati. Na hotuba hiyo haikuwa ya darasani. Mkufunzi alikuwa ameanzisha utaratibu kwamba hotuba moja ya kila muhula itolewe Iguguno siku ya mnada, katika ukumbi wa ofisi ya kijiji, mbele ya wakulima wenyewe, na wakulima waulize maswali. Asiyefaulu hotuba hiyo haingii mwaka wa pili.

Nilimpa kitabu chenye jalada la manila ya kijani. Jalada hilo nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe, na hapa lazima nieleze. Vitabu vyetu vingi vilikuwa vya zamani, na nilijifunza kuvishona kwa sindano ya magunia na gundi. Kwenye kitabu kizee, kurasa za mwanzo ndizo zinazochakaa kabla ya zote. Zinakunjamana, zinapata madoa ya chai, zinachungulia nje ya jalada jipya. Mimi nilikuwa nazikata kwa wembe. Niliona hazina kitu: jina la mtu usiyemfahamu, mwaka, jina la mji, maneno mawili matatu ya kumshukuru mkewe. Somo lenyewe, nilijiambia, linaanza sura ya kwanza. Kitabu kilitoka kimenyooka kama kimepigwa pasi, na mkuu wa chuo alinisifu mbele ya wageni. Nilivikata hivyo vitabu vingi. Hesabu yake siijui.

Nilikwenda nao Iguguno, kwa sababu nilipenda kusikia vitabu vyangu vikisemwa na watu. Msichana alisimama vizuri. Sauti yake ilitulia, alitazama watu, hata mimi nikaanza kutikisa kichwa. Kisha akasema, "Wataalamu wanashauri alizeti ipandwe mwezi wa tatu, mvua kubwa zikishapungua."

Watu wakatazamana kama waliosikia vibaya. Halafu mwanamume mmoja wa kofia, aliyekaa nyuma, akapasuka.

"Mwezi wa tatu! Binti, mwezi wa tatu mimi nafukuza ndege kwenye alizeti, wewe ndiyo kwanza unatafuta jembe?"

Watu walicheka mpaka mabati yakaitikia. Mbele alikuwepo bibi mmoja wa kitenge cha bluu. Aliinua mkono wakanyamaza.

"Msimcheke mtoto. Mjukuu wangu, hayo umeyatoa wapi?"

"Kitabuni, bibi."

"Nani kakiandika?"

"Sijui, bibi."

"Alikuwa anakaa wapi huyo mwandishi? Maana huku kwetu mwezi wa nne mvua inaaga."

"Sijui, bibi."

"Haya. Na wewe ni mtoto wa wapi?"

Alitaja kijiji chake. Kipo ng'ambo tu ya mashamba yao. Hapo hata bibi mwenyewe alishindwa kujizuia.

"Wa hapahapa!" akapiga kelele yule wa kofia. "Baba yako namjua! Mwezi wa kumi na mbili keshapanda kamaliza, anasubiri wewe umletee wataalamu!"

Msichana alikaa chini kabla dakika zake hazijaisha.

Nilichofanya siku iliyofuata ndicho kinachonifanya niandike. Mkufunzi alikuja maktaba na yule msichana. Mimi nilikuwa kwenye rafu ya dini na kitambaa cha kufutia vumbi. Mkufunzi akamwuliza, "Kitabu kile ulipewa na mtu, au ulikitafuta mwenyewe?" Msichana alinitazama mara moja, haraka, kisha akatazama sakafu.

"Nilikitafuta mwenyewe, Mwalimu."

Nami nikaendelea kufuta. Niliifuta rafu ile mpaka ikang'aa kama meza ya altare. Mtoto alikuwa amenibebea mzigo wangu, nami nikamwacha aondoke nao mlangoni.

Akapewa nafasi moja ya kurudia, muhula wa pili, hapohapo Iguguno mbele ya watu walewale. Bwenini wenzake walishamwita Mwezi wa Tatu. Ilipita wiki nzima ndipo niliposikia amefunga sanduku lake, anasema anakwenda kulima, huko angalau tarehe anazijua. Nilimkuta amekaa juu ya hilo sanduku nje ya bweni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, wewe ulijua alizeti inapandwa lini?"

"Nilijua, babu. Nimeanza kuipanda kabla sijaanza shule."

"Sasa mbona ulisema vile?"

"Kitabu kilisema."

"Na mbona hukuniuliza?"

Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini hakunizaba kibao. "Nikuulize wewe, babu? Nikuambie kitabu ulichonipa kwa mkono wako kimekosea? Nyumbani wangenifukuza."

Kwetu sisi mtoto hamwulizi mkubwa amejuaje. Anaamkia, anapokea, anaondoka. Ni adabu nzuri, na mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini nilikuwa nimejenga somo zima juu yake, na ndiyo maana miaka yote hiyo hapakuwa na swali.

Nilimwomba asiondoke kabla ya Jumatatu, nikaenda moja kwa moja kwa mkufunzi na kile kitabu cha kijani kwapani.

"Mwalimu, yule msichana alikudanganya. Kitabu nilimpa mimi. Hata ukurasa nilimfungulia."

Alikipokea, akakifungua. Akageuza, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Mzee, kitabu hiki kinaanzia ukurasa wa tisa."

"Ndiyo. Zile za mbele nilizikata."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu."

Alilaza kichwa mezani. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Alipoinuka alikuwa amerudi kuwa mkufunzi. "Alama siwezi kuzibadilisha. Aliyesimama pale ni yeye, na nyumbani kwao wanajua alizeti inapandwa lini. Lakini kurudia atarudia. Na wewe pia."

"Mimi nirudie nini?"

"Yeye arudie hotuba, wewe urudie somo."

Mke wangu nilipomsimulia alisonga ugali kwanza, akapakua, ndipo akasema, "Una bahati hukuwa fundi nguo. Ungekata kola zote, useme zinachafuka."

Likizo ile nilikaa na mkufunzi maktaba siku nyingi, chupa ya chai katikati. Sheria ya kwanza kufa ilikuwa ile ya karanga. Tulibishana vikali. Mimi nilitaka saa zangu mbili, yeye alisema mtu ambaye bado hana mada ukimwonyesha rafu kumi na mbili ni sawa na kumwelekeza njia mtu asiyejua anakokwenda. Tukazivunja saa mbili zikawa vipindi vinne vifupi, na hakuna kuingia kabla mwanachuo hajapata mada yake na swali moja linalomsumbua. Kipindi cha kwanza kizima nikataka kiwe cha kurasa za mbele, nani ameandika, lini, wapi, na alikuwa anawaambia akina nani. Mkufunzi aliniuliza kama kipindi kizima si kirefu mno. Nilimwambia kwa mtu aliyefanya niliyofanya mimi, ni kifupi. Cha pili kilikuwa cha kutafuta rafuni. Cha tatu kilikuwa chake: kila mmoja alete vyanzo viwili vinavyopingana, na amtafute mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, amwulize. Cha mwisho kilikuwa cha mdomo, namna ya kumtaja mwandishi katikati ya hotuba bila kuonekana unasoma risiti.

Kisha akaongeza sharti moja. "Wakiwa rafuni, Mzee, wewe mikono mfukoni."

"Hata kuonyesha kwa kidole?"

"Kidole ndicho kilichotufikisha hapa."

Kilichobaki ni ile adabu. Nilimwambia hawatauliza hata tukiwabembeleza, na hapo ndipo nilipotoa wazo ambalo mpaka leo najivunia: mimi niwe kitabu. Nikae kwenye kiti, niseme jambo, wao wanisome na kunipima.

Muhula ulipofunguliwa nilikuwa nachungulia lango kila dakika. Msichana alifika siku ya pili, sanduku kichwani. Alisema baba yake amemrudisha. "Kasema nisirudi nyumbani na jina la mwezi. Nirudi na cheti."

Kipindi cha kwanza kikaanza. Nilikaa mbele yao, nikakohoa, nikasema kwa uzito wote wa uzee wangu, "Kuku wa kienyeji akila mashudu ya alizeti, anaacha kutaga."

Kalamu zote zikateremka kwenye madaftari. Hawa ni watoto wa Singida, wamezaliwa katikati ya kuku na alizeti, na wote wanaandika! Mkufunzi alisimama dirishani ameuma midomo. Nikawaambia nimewadanganya. Wakaandika na hilo.

"Jamani," nikasema, "nimekaa hapa niulizwe. Mkiniuliza nimejuaje hamnitukani. Mkiondoka bila kuniuliza, hapo ndipo mnanitukana, maana mmeniona sistahili kupimwa."

Miguu ilisuguana chini. Halafu yule msichana, kutoka nyuma kabisa, akainuka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Umejuaje? Kwa sababu kwetu kuku wanakula mashudu kila siku, na wanataga mpaka kitandani kwa bibi."

Darasa liliangua kicheko. Baada ya hapo hawakunipumzisha. Nilisema nyuki hawaipendi alizeti, wakanikalia kooni. Mmoja akauliza kama mimi mwenyewe nimewahi kufuga hao kuku, mwingine akataka kujua ni za mwaka gani habari zangu, na kila aliyeinuka alianza na shikamoo, mpaka marahaba ikanikausha koo.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za mateso matamu. Msichana alikuwa akitafuta kuhusu alizeti kwenye rafu ya nne, nami najua kijitabu anachokitaka kipo rafu ya tano, chini kushoto. Mikono yangu ilitoka jasho mfukoni. Alipokipata, siku ya tatu, alipiga ukelele kidogo, nami nikalazimika kutoka nje kama mtu aliyekumbuka jambo. Alikwenda kwa ofisa kilimo wa kata. Alikwenda kwa wanawake wa kijiji chao, akaandika kila mmoja alipanda lini na mvua ilikuwaje. Na kile kitabu changu cha kijani alikisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo mimi niliyekishona sikuwahi kulifanya.

Mimi nilikuwa na kazi yangu pembeni. Nilishusha kila kitabu nilichowahi kukiandalia jalada, na kwenye ukurasa wa kwanza uliobaki nikaandika kwa wino mweusi: Kurasa za mbele zilikatwa na mtunza maktaba. Soma kwa tahadhari. Vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. Vingine hata sikukumbuka kuwa niliviumiza.

Siku ya mnada tukarudi Iguguno. Habari zilikuwa zimetangulia, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Yule wa kofia alikuwa amehamia mstari wa mbele asikose kitu. Msichana alisimama.

"Shikamooni. Mimi ndiye yule wa mwezi wa tatu."

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kumkaribisha. Akawaambia alizeti ya huku ipandwe lini. Akawanyanyulia kijitabu, akasema kimeandikwa na nani, kwa ajili ya mikoa ya kati, na kimechapwa si zamani. Akasema ofisa kilimo anakubaliana nacho isipokuwa kwenye jambo la nafasi kati ya mistari, na wakulima wanane aliowauliza hawakubaliani hata wao kwa wao, akaeleza kwa nini.

Bibi wa kitenge cha bluu akainua mkono. "Na kile cha kwanza, mjukuu wangu? Kilikuwa kinadanganya?"

"Hapana, bibi. Kilikuwa kinaongea na watu wengine. Sura yake ya sita inasema kuhusu baridi inayounguza majani, na mvua za mwezi wa tano. Huku nani kaona mvua ya mwezi wa tano? Kimeandikwa kwa watu wa mvua ndefu. Ila sikuweza kujua mapema, kwa sababu kurasa zake za mbele zilikuwa zimetoka."

Zimetoka. Alikuwa ananibebea kwa mara ya pili, mbele ya watu wote, bila hata kunitazama. Magoti yangu hayapendi kusimama ghafla, lakini siku hiyo yalinitii.

"Hazikutoka," nikasema. "Mimi ndiye mtunza maktaba. Nilizikata kwa wembe. Na kitabu nilimpa mimi. Siku ile mlimcheka yeye, mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni nikanyamaza."

Ukumbi ulinigeukia. Yule wa kofia alinipima kuanzia viatu.

"Kwa hiyo, Mzee, ulikuwa unapalilia vitabu?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Ukang'oa na mbegu!"

Nimechekwa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuchekwa na ukumbi mzima nikajisikia mwepesi kiasi kile. Msichana naye alicheka, ameziba mdomo kwa kijitabu. Kisha akaomba radhi kwa wasikilizaji kwamba dakika zake hazijaisha, akaendelea.

Hotuba za wenzake zilipokwisha, mkufunzi alikaa ndani ya basi dogo la chuo akijaza fomu zake. Nilikaa nyuma yake nikanyoosha shingo. Alifunika karatasi kwa kiganja.

"Amefaulu?"

"Mzee, matokeo yatabandikwa ubaoni. Utasoma kama wengine." Lakini sikio lake lilikuwa limepanda juu kwa tabasamu.

Tulikuwa tumetimia wote isipokuwa msichana. Nje, kivulini mwa ukuta wa ofisi, wanawake kama kumi walikuwa wamemzunguka. Bibi wa kitenge cha bluu ameshika kile kijitabu kichwa chini, anataka aonyeshwe picha ya mbegu. Yule wa kofia anabishana naye kuhusu nafasi kati ya mistari, anapima kwa hatua ardhini, msichana naye amevua viatu, anapima upya kwa hatua zake. Mkufunzi alitoa kichwa dirishani akamwita kwa ile sauti ya behewa.

"Mwalimu, nyie tangulieni!" akajibu bila kuinua macho kutoka ardhini. "Nitapanda gari la saa kumi. Huyu baba bado hajanielewa!"

Mkufunzi alinigeukia. "Tumwache?"

"Tumwache," nikasema, na dereva akatia gia.